Mazoezi ya Asubuhi Katika Nchi ya Dhahabu

Uwanja wa Kambarage mjini Shinyanga ulipata misimu mitano ambayo wapenzi wa soka wa mkoa huu bado wanaisimulia. Stand United, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi miongoni mwa wapiga debe, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na watu wakaiita Chama la Wana. Mwaka uliofuata ikapanda pia Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi aliougundua John Williamson mwaka 1940. Mkoa uliozoea kusikiliza mpira wa Dar es Salaam redioni ukawa na timu mbili kwenye ligi ya wakubwa.

Fedha nazo zikaja. Acacia, kampuni iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi upande wa Kahama, ikaidhamini Stand United. Akaja kocha Mfaransa, Patrick Liewig, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameifundisha Simba. Halafu ukaja ugomvi. Upande mmoja ulitaka timu iendeshwe kama kampuni, mwingine ukasema timu ni mali ya wanachama walioilea tangu stendi. Mwaka 2016 mdhamini akajiondoa. Timu ikasukuma siku kwa jasho la wachezaji wake, na bado ilikuwa na moyo: Septemba 2018 iliifunga Yanga mabao matatu ugenini, yote ya Alex Kitenge, ikapoteza 4-3. Mwisho wa msimu huo, 2019, ikashuka daraja. Mwadui nayo ikashuka mwaka 2021.

Yapo mengi ya kusema kuhusu uongozi wa mpira, lakini wasomaji ninaowafikiria ni vijana Wakristo wa Shinyanga, Kahama na Geita, wale wanaotoka mazoezini jioni na kuwahi mazoezi ya kwaya. Naamini historia ya michezo ya ukanda wetu, na ya majirani zetu, inatufundisha habari ya maisha ya kiroho ambayo mahubiri mengi ya siku hizi yanairuka.

Sisi tunaishi katika nchi ya dhahabu. Tunawajua watu walioshinda njaa kwenye duara, shimo la wachimbaji wadogo, wiki nzima, siku ya nane wakapata mfuko mmoja wa mawe uliowabadilishia maisha. Kila mchimbaji mdogo anaishi kwa tumaini hilo, na simlaumu, kwa sababu kazi yake ndivyo ilivyo. Shida ni pale tumaini la duara linapohamia kanisani. Tumeanza kuomba kama watu wanaosubiri mwamba upasuke. Mkesha mmoja na chupa moja ya mafuta ya upako, na kesho yake kila kitu kiwe kimetengemaa: hasira imekwisha, pombe imekwisha, uvivu umekwisha. Mungu anaweza kumbadilisha mtu usiku mmoja, nami nimewaona waliobadilishwa hivyo. Lakini wengi wao, ukiwafuata baada ya mwaka, utakuta aliyesimama ni yule aliyeamka asubuhi iliyofuata akaanza kuishi alichokipokea, na asubuhi ya pili, na ya tatu.

Geita walilipia somo hili hadharani. Februari 2016, siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C, Geita Gold na Polisi Tabora walikuwa wakigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na ilionekana kwamba tofauti ya mabao ndiyo ingeamua. Jioni ile Geita wakaifunga JKT Kanembwa 8-0. Polisi Tabora wakaifunga JKT Oljoro 7-0. Nchi nzima ikashika kichwa. Kamati ya Nidhamu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) ikachunguza, ikazitia hatiani kwa upangaji wa matokeo na kuzishusha daraja timu zote nne, na nafasi ikaenda kwa Mbao FC ya Mwanza, ambayo siku ile haikuwa ikitajwa na mtu.

Timu iliyopotea namna ile ingeweza kufa. Geita Gold haikufa. Ilirudi chini, ikacheza mpira wa viwanja vya vumbi, ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 2021 ikaingia Ligi Kuu kwa pointi zake yenyewe. Msimu huo wa kwanza, 2021/22, kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa Fred Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga ambaye amezipandisha timu kadhaa. Ilimaliza nafasi ya nne, ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17, bao moja mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Miaka mitano ya kupanda kwa jasho ilizaa kile ambacho mabao manane ya jioni moja yalishindwa kuzaa. Mwaka 2024 walishuka tena, na kushuka huko hakuna aibu ile ya 2016. Walishindwa mchezoni, kama wanavyoshindwa watu wengine wote wanaocheza kwa haki.

Mtume Paulo angeielewa habari hii bila kufafanuliwa. Alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, mwanzoni mwa miaka ya 50, akifanya kazi ya kushona mahema, na karibu na mji ule, kwenye shingo ya nchi iitwayo Isthmia, kulifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili. Yumkini aliiona. Mahema yalihitajika wakati wa michezo, na mshona mahema hakosi sikukuu ya namna hiyo. Washindi pale walivishwa taji la matawi ya msonobari, kitu cha kukauka. Kule Olympia, kwenye michezo mikubwa kuliko hiyo, wanamichezo waliapa mbele ya sanamu ya mungu wao kwamba wamefanya mazoezi miezi kumi mfululizo bila kukwepa. Asiyefanya mazoezi alikuwa mwongo hata kabla ya kushindana.

Ndiyo maana katika sura ya tisa ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, Paulo hakuzungumzia siku ya mashindano peke yake. Alizungumzia namna mwanamichezo anavyojinyima mambo yote kabla ya siku hiyo, kisha akaongeza hofu yake mwenyewe: kwamba baada ya kuwahubiria wengine, yeye mwenyewe asije akaondolewa mashindanoni. Wahubiri hupenda kusimama kwenye taji. Mimi nimekaa muda mrefu zaidi kwenye ile hofu. Mtume aliyeanzisha makanisa hakujiona amefika.

Kwa mfano wa kujinyima huko, sasa twende kwenye mwezi mmoja wa historia yetu wenyewe, Julai 1976.

Miaka miwili kabla yake, tarehe 2 Februari 1974, kijana wa Karatu aitwaye Filbert Bayi alikuwa ameshangaza ulimwengu kule Christchurch, New Zealand. Katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza tangu bunduki ilipolia hadi mwisho, jambo ambalo wakimbiaji wa masafa yale hawathubutu, akamshinda John Walker nyumbani kwake na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.16. Mwaka uliofuata, Kingston, akavunja na rekodi ya maili. Dunia nzima ikawa inasubiri Montreal, Olimpiki ya 1976, Bayi na Walker wakutane tena.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi, na nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Haikuondolewa. Tanzania ikawa miongoni mwa waliosimama mbele kukataa kwenda, kisha nchi nyingine nyingi zikafuata. Walker akashinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, mwendo wa polepole sana kuliko rekodi ya Bayi.

Aliyekuwa Rais wa Tanzania ni Julius Kambarage Nyerere, ambaye uwanja wa Shinyanga unabeba jina lake. Alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa Desemba 1943, mtu aliyejulikana kwa kuhudhuria misa kila siku hata akiwa Ikulu, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu. Wako wanaosema kijana wa Karatu alilipishwa deni la siasa ambalo hakulikopa. Nawaelewa. Bayi hakuulizwa. Lakini nchi ilisema kwamba kuna kitu kikubwa kuliko medali, na ilisema hivyo wakati medali yenyewe ilikuwa karibu kabisa kushikwa. Kujinyima kitu usichokuwa na uwezo wa kukipata ni rahisi. Kujinyima kile ambacho mkono umeshakigusa ndiko kunakompima mtu. Mkristo anayefunga chakula siku ambayo nyumbani hakuna chakula anajua tofauti hiyo.

Bayi hakukaa akilia. Alihamia kwenye mbio za kuruka viunzi na maji, mbio ngumu kwa mtu aliyezoea njia tupu, na mwaka 1980 kule Moscow akapata medali ya fedha, wakati Suleiman Nyambui wa Mara akipata nyingine ya fedha kwenye mita 5000. Hizo ndizo medali za kwanza za Olimpiki za Tanzania. Baadaye Bayi na mkewe wakaanzisha shule, na yeye akatumikia michezo ya nchi kwa miaka mingi ndani ya Kamati ya Olimpiki.

Mwaka huohuo wa 1976 ambao Bayi alikosa Montreal, mgeni mmoja alifika Iten, Kenya, mji mdogo ulio ukingoni mwa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Jina lake Colm O'Connell, bruda kutoka Ireland, wa shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patriki. Alikuja kufundisha jiografia katika shule ya sekondari ya wavulana ya St Patrick's. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwahi kusomea ukocha. Pale shuleni alimkuta mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster ambaye mwaka uleule alipata medali ya shaba kule Montreal. Foster alikuwa akiwafundisha wavulana mbio, bruda akamsaidia. Foster alipoondoka, kazi ikabaki mikononi mwa mwalimu wa jiografia.

Mtu mwingine angekimbilia kuwaonyesha wanafunzi kwamba anajua. Bruda Colm alianza kwa kuwatazama. Aliwatazama wakikimbia, akawauliza wanajisikiaje, akajifunza kwao kile ambacho hakujifunza popote. Hapo ndipo ninapoona mwanzo wa nidhamu yote iliyofuata, na ndipo wazazi na viongozi wengi wa makanisa yetu wanapokosea. Tunadhani nidhamu ni sauti kubwa. Tunadhani kijana akiogopa amefundishika. Kocha aliyezaa mabingwa wengi kuliko walimu wengi wa dunia alijenga kazi yake juu ya kuwasikiliza watoto, na watoto wakamtii bila fimbo.

Mazoezi yake hayavutii macho. Anayefika Iten akitarajia kuona vijana wakitapika kwa uchovu atawakuta kwenye nyasi wakitembea kwa hatua ndogo ndogo, wakiinua goti, wakilegeza mabega, wakirudia mwendo uleule polepole kana kwamba hawana haraka ya kufika popote. Mabega yaliyokaza yanaiba nguvu za miguu, na ukiharakisha kosa unalifanya kuwa tabia. Kwa hiyo kosa linasahihishwa likiwa bado dogo, mwili ukiwa umetulia. Saa ya kupimia mbio si bwana pale. Na vijana wanalala mapema, wanapumzika sana.

Nikisoma maisha ya sala kwa macho hayo, mambo mengi yanakaa mahali pake. Kutubu kila jioni, kukiri neno kali ulilomwambia mwenzako mchana, kabla halijawa mwezi wa kutosemeshana, ni kusahihisha bega likiwa bado halijakaza. Kijana anayesoma sura moja ya Injili kila asubuhi kwa mwaka mzima hataonekana mtu wa ajabu. Anayefunga siku ishirini na moja kwa mpigo kisha asiguse Biblia miezi mitatu ndiye anayesimuliwa. Nimewaona wote wawili wakipita kwenye majaribu, na najua nani ningemkabidhi hazina ya kanisa. Pumziko nalo tumelidharau. Tunajaza Jumapili ibada, vikao, mazoezi ya kwaya na harambee, kisha Jumatatu tunashangaa kwa nini vijana wamechoka na Mungu.

Matunda ya Iten yalichukua muda. Mwaka 1987 Ibrahim Hussein, aliyepita St Patrick's, akashinda marathoni ya New York, na mwaka uliofuata akashinda Boston kwa sekunde moja tu dhidi ya Mtanzania wetu Juma Ikangaa, 2:08:43 kwa 2:08:44. Ikangaa alikuwa wa pili Boston mwaka 1988, na 1989, na 1990. Katikati ya hapo, Novemba 1989, akaenda New York akashinda kwa rekodi ya njia ile. Naomba vijana waikumbuke habari ya Ikangaa pia. Mtu anayekuwa wa pili mara tatu mahali palepale na bado anaamka kesho yake kukimbia ameshinda jambo ambalo halina taji.

Oktoba 1988, Seoul, mwanafunzi mwingine wa bruda, Peter Rono, akiwa na miaka 21, akashinda mita 1500 za Olimpiki mbele ya watu waliokuwa na majina kuliko yeye. Mwaka 1992 Matthew Birir akapata dhahabu ya kuruka viunzi na maji Barcelona. Pale shuleni ikawa desturi kupanda mti kwa ajili ya kila bingwa, na miti hiyo imekua.

Mwaka 1989 Bruda Colm alifungua kambi za likizo kwa wasichana, wakati wengi waliona kumpa binti muda wa kukimbia ni kumchelewesha kuolewa. Miaka miwili baadaye Lydia Cheromei, mtoto wa miaka 13, akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika kwa vijana. Mwaka 2007 Janeth Jepkosgei akashinda mita 800 za ubingwa wa dunia. Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu mkoa wetu wa Shinyanga kwa miaka mingi umetajwa miongoni mwa vinara wa ndoa za utotoni hapa nchini. Binti anayepewa kocha, ratiba na watu wanaomsubiri mazoezini saa kumi na mbili asubuhi anapata pia sababu ya kuhitimu. Makanisa yetu yana viwanja, yana akina mama wenye uwezo, yana likizo za Juni na Desemba. Kambi kama zile haziwezi kutushinda.

Kisha akaja David Rudisha. Baba yake, Daniel, alipata medali ya fedha ya kupokezana vijiti Mexico 1968. Kijana alifika kwa Bruda Colm mwaka 2004, akalelewa bila kuharakishwa kwa miaka sita. Agosti 2010 alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 mara mbili ndani ya wiki moja, Berlin kisha Rieti. Tarehe 9 Agosti 2012, fainali ya Olimpiki London, akaongoza mwanzo hadi mwisho, kama Bayi kule Christchurch, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Hakuna aliyewahi kukimbia hivyo. Na mbio ilikuwa kali kiasi kwamba hata aliyeshika mkia alikimbia muda ambao ungempa dhahabu kwenye Olimpiki tatu zilizotangulia.

Mwaka uliofuata goti likaharibika. Rudisha akakosa ubingwa wa dunia wa 2013 kule Moscow. Bingwa aliyeumia huwa na njia mbili: kujiharakisha ili dunia isimsahau, au kukubali kuwa mwanafunzi upya. Wakristo walioanguka baada ya kushika nafasi kubwa, mzee wa kanisa, mwimbaji, mwinjilisti, wanaijua njia panda hiyo. Kurudi mbele ya madhabahu kwa kishindo kunavutia zaidi kuliko kurudi kwenye benchi la nyuma na kuanza na sala za mtoto.

Rudisha alirudi kwa kocha wake, kwenye nyasi, kwenye hatua ndogo ndogo pamoja na wanafunzi ambao hawakuwa na hata medali ya wilaya. Mwaka 2014 alikuwa wa pili kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow, nyuma ya Nijel Amos wa Botswana. Mwaka 2015 akatwaa tena ubingwa wa dunia Beijing. Agosti 2016, Rio de Janeiro, akatetea dhahabu yake ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 42.15, akiwa wa kwanza kuitetea kwenye mita 800 tangu Peter Snell wa New Zealand mwaka 1964. Alifika mstarini zaidi ya sekunde moja nyuma ya rekodi yake mwenyewe, na dhahabu ilikuwa dhahabu ileile.

Bruda aliyetoka Ireland kufundisha jiografia aliendelea kuishi palepale, ndani ya uzio wa shule, akiwapokea kila likizo watoto wapya ambao bado hawajui kulegeza mabega.